Niliweka 1KZ kwenye Land Rover 109 ya Nainokanoka. Wiring ilikuwa safi, na ndiyo inayoniuma mpaka leo

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa zangu shikamooni.

Jukwaa hili la magari nalisoma kwa muda mrefu, nachangia zaidi kwenye nyuzi za umeme. Leo ndiyo mara ya kwanza nafungua uzi wangu. Ninayoandika yamenitokea mwenyewe. Majina nimebadilisha kwa heshima ya familia, mengine yote yako kama yalivyokuwa, hata yale yanayonivua nguo.

Naandika kwa simu nikiwa gereji, mnivumilie.

Mimi ni kijana wa Karatu. Wazazi wangu walitoka Rombo wakaja kufungua duka la vipuri, nikakulia katikati ya plagi na fan belt. Umeme wa magari sikusomea chuo. Nimejifunza kwa kufungua, kuharibu, kuangalia video na kuuliza watu kama ninyi.

Nina tatizo moja ambalo wanaonijua wanalicheka. Siwezi kuiacha kazi ikiwa "inafanya kazi". Lazima iwe sawa. Waya ukiungwa kwa kukunjwa na kuzungushiwa tepu, silali. Naamka nafikiria ule muungano, nawaza maji yanaingia, nawaza kutu. Kuna gari la wageni niliwahi kulifuata hadi lango la hifadhi kwa bodaboda kwa sababu nilikuwa sina uhakika kama nilikaza waya wa earth. Nilikuwa nimekaza.

Sasa twende kwenye gari lenyewe.

Huwa naangalia sana video za jamaa wa nje wanaochukua muscle car, yale magari ya Kimarekani ya zamani yenye nguvu, wanatoa injini ya wakati ule na kuweka ya kisasa yenye control box, ile kompyuta ndogo inayoamrisha injini. Kinachonivuta siyo moshi wala mlio. Ni pale wanapolaza nyaya mezani, mmoja mmoja, wanachagua huu unabaki, huu unatoka. Nilikuwa na ndoto ya kufanya kazi ya namna ile hata mara moja.

Karatu hakuna muscle car. Ila kuna Land Rover.

Baba Nasieku ni mzee wa Nainokanoka, juu kule ukipita ukingo wa kreta. Zamani alikuwa dereva wa watalii. Alipostaafu alinunua Land Rover 109 ya dizeli kutoka shamba moja la kahawa, na gari hilo likawa ndiyo gari la eneo lote lile. Linashusha maziwa, linapandisha unga, linapeleka watu mnadani, linapeleka wagonjwa. Kule magari ni ya kuhesabu, mtu anatembea asubuhi nzima na haoni ajabu.

Injini ilikuwa imechoka. Ilikula oili kama mchezo, na mlima wa kutoka geti la hifadhi hadi ukingo wa kreta ilipanda kwa kupumzika. Abiria walikuwa wanashuka wanatembea pembeni huku wanapiga stori na dereva.

Akaja kwa fundi Kessy, fundi wangu mkubwa wa injini ambaye tunashirikiana naye gereji. Kessy akampa wazo la 1KZ. Kwa wasiojua, hiyo ni dizeli ya turbo iliyokuwa kwenye Prado na Surf za miaka ya nyuma. Siyo mpya sana, lakini ukilinganisha na ile iliyokuwemo ni ya kisasa kabisa, kwa sababu pampu yake inaamrishwa na control box. Injini ililetwa kutoka Arusha na nusu ya gari lake, nyaya zikiwa zimekatwa kwa panga na watu wasio na huruma.

Kessy akanigeukia.

"Dogo, mimi nitaikalisha ishikane na gearbox. Nyaya ni zako. Utaweza?"

Nikasema nitaweza.

Wakuu, ile kazi niliifanya kwa upendo. Nililaza nyaya zote juu ya turubai, nikafuata kila mmoja kwa mita ya umeme kutoka kwenye pini ya control box hadi kwenye sensa yake. Nilichomelea kwa solda, kila muungano nikauvika mpira wake. Control box nikaitafutia boksi la chuma chini ya kiti cha abiria, mahali ambapo maji ya mto hayafiki. Nyaya za zamani za Land Rover, taa na honi, nikaziacha peke yake ili fundi wa baadaye asichanganyikiwe. Hata saa za zamani za joto na oili kwenye dashibodi nilizifanya zisome sensa mpya.

Kessy alikuwa anapita na chai yake ananitazama.

"Dogo, hilo gari ni la kubeba maziwa. Haliendi mwezini."

"Subiri kidogo, fundi."

"Mwenye gari ameshaota mvi mpya."

Kweli nilichelewa. Niliwahi kuurudia upande mzima kwa sababu rangi ya tepu haikuwa moja.

Baba Nasieku alikuja mara kadhaa kuangalia, na mara moja alikuja na mkewe. Mama Nasieku alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye duka dogo kule juu: sukari, majani ya chai, betri za tochi, vocha, na kuchaji simu za watu. Alikuwa na kifua. Akicheka sana, kicheko kinaishia kwenye kikohozi, anashika ukuta, halafu anaendelea kucheka alipoishia.

Nilimwamkia kwa Kimaasai, nikakosea. Akanipa jina hapo hapo: Layoni. Yaani kijana ambaye bado hajatahiriwa. Nilimwambia mama, mimi nimeshatahiriwa zamani.

"Nani aliona?" akauliza. Gereji nzima ikaanguka kwa kicheko.

Akachungulia kwenye boneti. Hakuuliza turbo, hakuuliza control box. Alinyoosha mkono akashika vichwa vya betri, akajaribu kuzungusha.

"Mbona umekaza hivi?"

Nikamweleza kwa fahari kwamba kichwa cha betri kikilegea, control box inachanganyikiwa, kwa hiyo nimekaza kwa spana.

"Hapana. Mimi nataka vya kufungua kwa mkono. Kama vile vya zamani. Baba Nasieku, mwambie."

Mzee akatikisa kichwa. "Mwekee, fundi. Vya mkono ni vizuri."

Wakuu, hapa naomba msome taratibu.

Mimi nilifurahi. Nilijua kuna vichwa vizuri vya kufunga kwa kijimkono cha kubana, vya shaba, vinabana sana na vinafunguka bila spana. Niliviagiza Arusha. Vilipofika nilivipaka grisi, nikavifunga, nikavifungua, nikavifunga tena, nikavipiga picha. Nilijiona fundi anayemsikiliza mteja.

Sikumwuliza kwa nini anavitaka.

Nimerudi. Kuna mteja wa alternator alikuja.

Siku ya kulipeleka gari tulipanda wote watatu: mzee akiendesha, mimi katikati, Kessy dirishani. Mlima wa kutoka getini lile gari lililamba kana kwamba ni tambarare. Tulipofika ukingoni, kule wageni wanaposimama kupiga picha za kreta, mzee alipunguza mwendo, akacheka peke yake, akakanyaga tena.

Nainokanoka walitupokea vizuri sana. Kulikuwa na jua, kiangazi, nyasi zimekauka. Maziwa, chai, nyama. Vijana walizunguka gari wakitaka kusikia turbo. Nasieku, binti yao mkubwa anayemsaidia mama yake dukani, alitaka kujua kila swichi, na mimi nikamfundisha kila swichi. Anaelewa haraka yule.

Niliona kitu kimoja. Mzee alipopaki, alilizungusha gari akaliweka kichwa chini kwenye mteremko ulio mbele ya boma, akaweka jiwe tairini.

Kila mwenye gari la zamani anapaki hivyo. Ile dizeli ya kale haikuhitaji umeme ili iungurume. Betri ikiwa imekufa kabisa, unatoa jiwe, linashuka, unaachia klachi, limewaka.

Nikamwambia, "Baba, sasa unaweza kupaki popote. Hii inawaka kwa mguso mmoja."

Akasema, "Sawa, fundi." Na jiwe akaliacha pale pale.

Nikadhani ni mazoea ya kizee tu. Nilicheka kidogo moyoni. Kwamba 1KZ haiwaki kwa kusukumwa kama betri imekufa, kwamba control box isipopata umeme pampu haitoi mafuta hata ukilisukuma kutoka mlimani hadi ziwani, hilo kwangu lilikuwa jambo linalojulikana. Kama kusema maji yanalowesha. Halikunijia mdomoni.

Tukalala, asubuhi tukashuka na Kessy. Mama Nasieku alinifungia maziwa kwenye kibuyu. "Layoni, ukioa umlete nimwone," akasema. Nikamwambia nikioa nitakuja naye kwa hili hili gari.

Kiangazi kikaisha. Kukaingia ule msimu ambao nyanda za juu kule haziamki. Ukungu unakaa siku nzima, mbuzi walio mbele yako huwaoni, unasikia kengele tu.

Mzee alikuwa ananipigia mara moja moja kunisalimia. Gari zima? Zima. Linavuta? Linavuta sana. Mimi nikikata simu nilikuwa naenda kutazama zile picha za wiring kwenye simu yangu, naona raha.

Asubuhi moja nilikuwa nimelala chini ya dashibodi ya gari la wageni, simu ikaita. Nasieku.

"Kaka, gari limekataa."

Sauti yake haikuwa ya kawaida. Nyuma yake nilisikia watu wanaongea Kimaasai kwa haraka.

"Limekataa vipi?"

"Haliwaki. Mama amezidiwa. Kifua. Hapumui vizuri tangu alfajiri, dawa yake ya kuvuta imeisha. Tunataka kumshusha hospitali na gari haliwaki."

Nilitoka chini ya dashibodi nikagonga kichwa.

Wakuu, mimi naogopa kila kitu, na kila kazi ninayoitoa ina mahali pamoja panaponinyima usingizi. Kwenye gari lile palikuwa ni soketi kubwa ya control box. Ilikuwa na ufa mdogo nilioubandika kwa gundi kwa sababu mpya sikuipata. Miezi yote ile nilikuwa nawaza ile soketi. Kwa hiyo Nasieku aliposema haliwaki, akili yangu haikwenda mahali pengine. Ilikimbilia pale.

"Betri ipo?" Niliuliza. Hilo niliuliza, Mungu ni shahidi.

"Ipo. Imefungwa."

"Imekaza?"

"Imekaza."

Basi ni soketi, nikasema moyoni. Nikamwambia afungue chini ya kiti cha abiria, atoe mfuniko, abonyeze ile soketi kubwa kwa nguvu. Akatafuta bisibisi. Akaipata. Nilimsikia anahema, nikamsikia baba yake anamwuliza kitu, akamjibu. Akabonyeza.

"Jaribuni."

Wakajaribu. Hakuna.

Nikamwambia aitoe soketi kabisa, apulize, airudishe. Hakuna. Nikamwambia aangalie fyuzi ile ya kushoto. Nzima. Nikamwuliza anasikia kitu kinabofya akiwasha swichi? Hasikii. Nikafurahi hata, Mungu anisamehe, kwa sababu jibu lile lilikuwa linaniongoza, nikawa naifuata hitilafu kama ninavyofuata siku zote. Relay kuu, ile swichi inayoipitishia control box umeme, haishiki. Kwa nini haishiki? Earth? Nikaanza kumwelekeza kwenye earth.

Kessy alikuwa amesimama pembeni yangu anasikiliza. Akaninyang'anya simu.

"Binti, washa taa kubwa. Zinawaka?"

Haziwaki.

"Na honi?"

"Haiwezi kulia, betri imelala. Si ilikuwa dukani usiku."

Kessy alinitazama. Nikachukua simu.

"Dukani kufanya nini?"

"Kuchaji simu, kaka. Ukungu huu sola haivuti kitu. Jioni tunaitoa, asubuhi tunairudisha. Ndiyo tunafanya kila mwaka. Baba akilisukuma linawaka, akifika getini betri imeshajaa. Siku nyingine inabaki na chaji ya kuwasha, wiki hii simu zilikuwa nyingi, mnada ni leo. Tumelisukuma sana kaka, limefika chini kabisa bondeni, haliwaki. Kwani halitakiwi kusukumwa?"



Nilielewa vyote kwa pamoja. Vile vichwa vya shaba vya kufungua kwa mkono. Lile jiwe tairini. Nilielewa hata kwamba ile simu aliyokuwa ananipigia ilikuwa imejaa chaji.

Nikamwambia, "Tafuteni betri nyingine. Yoyote. Au gari lingine."

Gari lingine la kule lilikuwa limeondoka na watu wa mnadani kabla hakujapambazuka. Walipata pikipiki. Mama Nasieku wakamweka katikati, dereva mbele, mtoto wa shemeji yake nyuma amemkumbatia asianguke, blanketi juu, wakaingia kwenye ukungu kuelekea zahanati.

Mimi na Kessy tulichukua gari la mteja bila kumwuliza, tukaweka betri nzima kwenye buti, tukapanda. Sikumbuki tuliongea nini njiani. Getini tulieleza, wakatupitisha. Kule juu ukingoni Kessy alikuwa anaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha ili aone barabara.

Tulikutana na ile pikipiki. Ilikuwa imesimama pembeni ya barabara, dereva amekaa chini kwenye majani. Yule kijana wa nyuma alikuwa bado amemkumbatia, wamekaa ardhini, amemfunika uso kwa shuka yake.

Kessy akazima gari. Tukashuka.

Sitaandika zaidi hapo.

Msibani nilikwenda na sukari na majani ya chai kama inavyotakiwa. Nilikaa nyuma ya wanaume. Hakuna aliyenisema. Ningependa mtu aniseme hata kwa neno moja. Mama mmoja mzee alinipa kikombe cha chai akanishika bega, akapita.

Baba Nasieku alinifuata baadaye. Alikuwa amevaa lile koti lake refu la enzi za kuendesha wageni.

"Fundi. Umeliangalia gari?"

"Bado, baba."

"Kaliangalie. Nataka kujua lina ubovu gani."

Lilikuwa bado bondeni lilipoishia kusukumwa. Nilishuka na ile betri begani, na Nasieku akanifuata. Nikaiweka, nikafunga vile vichwa. Nakiri mbele yenu: nilitamani nikute waya umekatika. Nilitamani ile soketi iwe imepasuka, ili iwe ni kosa la kazi yangu, kosa ninaloweza kulishika kwa mkono na kulichomelea upya.

Nilizungusha ufunguo.

Liliwaka kwa mguso mmoja.

Ukungu ulikuwa umetulia na sauti ikapanda yote juu. Watu wote waliokuwa msibani waligeuka wakatazama bondeni. Nasieku aliweka mikono miwili mdomoni. Mimi nikawa nimeshika ufunguo, siwezi kuzima, siwezi kuacha.

Mzee alikuwa ameshafika. Alisimama pale mbele ya boneti.

"Ulikuwa ubovu gani?"

"Hakuna, baba. Ni zima. Halikuwa na umeme tu. Injini hii haiwaki bila betri, hata isukumwe vipi. Mimi sikuwaambia."

Akalitazama gari.

"Na sisi hatukukwambia kuhusu duka," akasema. "Mama Nasieku alisema huyu kijana ameweka vizuri sana, betri siku hizi inatoka kama kofia."

Akaenda kukaa na wageni wake.

Baadaye nilirudi kufanya kile ambacho kilipaswa kufanyika tangu mwanzo. Betri ya pili, ya duka peke yake, inachajiwa gari likitembea, na relay inayozitenganisha ili duka lisiguse ile ya gari. Kazi ya mchana mmoja. Kitu rahisi kuliko vyote nilivyofanya kwenye gari lile. Vile vichwa vya shaba nilivitoa nikaweka vya kukaza kwa spana, na spana nikaifunga kwa mnyororo pale pale kwenye boneti. Nilimfundisha Nasieku kupima betri kwa mita, na mita nikamwachia.

Duka sasa ni lake. Simu bado anachaji.

Kessy aliniambia niache kujitesa, maana fundi hawezi kujua mambo ya ndani ya nyumba za watu. Labda ni kweli. Lakini mimi ni mtu niliyefuata kila waya wa gari lile kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Waya mmoja tu sikuufuata: ule uliotoka kwenye betri, ukatoka nje ya boneti, ukavuka uwanja, ukaingia dukani kwa Mama Nasieku. Na huo ndio uliokuwa na mtu mwishoni.

Kwa hiyo somo langu, kwa mafundi vijana wenzangu wanaopenda hizi swap za kubadili injini kama mimi. Kabla hujagusa waya wa kwanza, kaa na mwenye gari, unywe naye chai. Muulize linalala wapi. Muulize nani analiwasha na analiwashaje siku likigoma. Muulize kinatolewa nini ndani yake likiwa limesimama. Mteja akikuomba kitu kidogo, mpe, lakini muulize ni cha nini. Na unapotoa injini ya zamani, mwambie mwenyewe kwa mdomo vitu vyote ambavyo ile ya zamani ilikuwa inaweza na hii mpya haiwezi. Sisi huwa tunawaambia upande mmoja tu.

Wiki iliyopita Baba Nasieku alishuka Karatu, akapita gereji. Alipaki mbele ya mlango, akashuka, akaacha injini inaunguruma.

Nikamwambia, "Baba, zima, karibu chai."

"Liache."

Kessy akanikonyeza ninyamaze. Akaniambia baadaye kwamba watu wa sokoni wanalijua hilo. Mzee halizimi tena gari akiwa safarini. Akienda kanisani linaunguruma nje mpaka ibada iishe. Mnadani vijana wanamfokea, "Mzee, unachoma dizeli!" na yeye anawapungia mkono tu. Nasieku amemweleza, mimi nimemweleza, tumemwonyesha betri zote mbili kwenye mita. Anaelewa kabisa, alikuwa dereva maisha yake yote. Anaitikia, na halizimi.

Basi nikaleta viti viwili nje. Tukanywa chai pale mlangoni, yeye na mimi, karibu na gari, tukiinua sauti kidogo ili tusikilizane.

Wakuu, hayo ndiyo yangu. Nina kazi nyingine ya swap inaningoja, mteja kaleta injini na nyaya zote, na kila nikizilaza kwenye turubai mikono inakataa. Aliyewahi kupitia kitu kama hiki kwenye kazi yake, fundi, daktari, dereva, yeyote, aniambie alirudije kazini. Na wa kunisema aniseme pia. Nitasoma yote.